Mtihani wa Bi Naomi

Wifi yangu amejifungua juzi, na kwa kuwa mamake yuko Mombasa, kazi ya kumlowekea uwatu, zile mbegu chungu za kuongeza maziwa ya mzazi, imeniangukia mimi. Asubuhi nilipofunua bakuli, ile harufu chungu, yenye utamu kwa mbali kama sukari iliyoungua, ilinipanda puani nikalazimika kuketi. Wifi yangu aliniuliza kutoka chumbani kama nimejikata. Nikamwambia la, niko sawa, nikaendelea kuketi.

Walio rika langu, hasa sisi tuliolelewa Dubai na wazazi waliokuja kutafuta riziki, watanielewa nikisema kwamba sehemu kubwa ya utoto wetu ilipita katika majiko ya watu wengine. Jiko langu mimi lilikuwa Mirdif, katika nyumba ya ukuta wa rangi ya mchanga, na harufu yake ilikuwa hii.

Wakati huo tulikaa Al Garhoud, chumba cha nyuma katika jumba kuukuu lililogawanywa kwa mbao, familia hii huku na familia ile kule, choo kimoja na jiko moja. Baba alifanya kazi kwenye bohari Jebel Ali, akiendesha mashine ya kunyanyulia mizigo. Aliondoka kabla sijaamka na kurudi akinuka vumbi na mpira. Mama alipika kwa watu. Siku ya kwanza aliponichukua kwenda naye Mirdif, alinionya njia nzima nisiguse kitu na nimwamkie madam kwa adabu. Mwanamke mzee aliyetufungulia mlango alimsikiliza Mama akihangaika na Kiingereza chake, kisha akamjibu kwa Kiswahili. Alisema madam alikuwa mamake mkwe, naye alishakufa, kwa hiyo aitwe Bi Naomi. Mimi aliniambia nimwite nyanya.

Kiswahili chake kilikuwa cha Mombasa ya zamani, kile kile cha nyanya yangu mzaa mama. Alisema "wataka nini" na "yuaja" na "nambia". Babake alikuwa Myahudi wa Aden aliyehamia Mombasa na kufungua duka la vitambaa, na Bi Naomi alicheza utotoni katika vichochoro vile vile alimochezea Mama, miaka mingi kabla Mama hajazaliwa. Aliolewa Nairobi, akahamia London, akafiwa na mumewe, na uzeeni akamfuata Dubai mwanawe wa pekee, Dani, aliyekuwa rubani. Mama aliponieleza kwamba ni Myahudi alishusha sauti, kama watu wanavyotaja ugonjwa wa jirani. Siku hizi mambo hayo yanasemwa waziwazi katika mji huu. Wakati ule hayakusemwa sana, na Bi Naomi mwenyewe hakuyatangaza. Aliswali kivyake, akasoma Zaburi zake kwenye kijitabu kilichochakaa kwenye kona ya sofa, basi.

Nisije nikawafanya mumdhanie alikuwa mtu mtulivu. Sijapata kumwona mtu mwenye wasiwasi kama yule. Alizima jiko, akatoka, akarudi kutazama kama amelizima. Ndege zilizoelekea uwanjani zilipita chini sana juu ya Mirdif, na kila moja ikipita yeye alinyamaza katikati ya neno, akainua uso kuelekea darini, akangoja hadi mngurumo uishe. Dani akiwa safarini alikuwa na simu mkononi hata anapokanda unga. Nilidhani wazee wote wenye watoto marubani wako hivyo.

Ijumaa ndiyo iliyonishangaza. Jua likikaribia kuzama aliwasha mishumaa miwili, akaizungushia mikono mara chache kama anayejivutia moshi, kisha akafunika macho kwa viganja na kunong'ona. Lakini kabla ya mishumaa hiyo alikuwa amefanya jambo jingine ambalo kwangu lilikuwa kubwa zaidi. Alikuwa ameichukua simu yake na kuitia katika droo ya vijiko. Humo ingekaa mpaka Jumamosi giza liingie, Dani awe nyumbani au awe hewani juu ya bahari. Usiku na mchana ule alizunguka nyumbani kama mtu aliyepoteza miwani. Mikono yake ilitetemeka alipokata mkate. Lakini droo hakuifungua.

Nilimuuliza kama anaogopa.

"Naogopa sana," akasema.

"Basi mbona huitoi simu, nyanya?"

"Kwa sababu nikikaa nayo mkononi nadhani ni mimi ninayeishikilia ile ndege isianguke. Nikiitia mle nakumbuka kwamba si mimi."

Kisha akasema neno ambalo jamaa zake hulitumia kwa jambo hilo, kumtegemea Mungu na kumwachia Yeye kile usichokiweza. Kwa Kiebrania huitwa bitahoni, kama nilivyokuja kujua nikiwa mkubwa. Lakini siku ile sikusikia bitahoni. Nilisikia mtihani.

Lilikuwa kosa jepesi kwa mtoto wa nyumbani kwetu. Mama kila likitokea jambo zito alisema ni mtihani. Kafeel wa Baba, yaani mdhamini wake wa kazi, akichelewesha karatasi, mtihani. Baridi ya jokofu ikifa na nyama ikaharibika, mtihani. Na shuleni kulikuwa na mitihani ya kweli, ambayo ukifaulu unapewa nyota ya dhahabu kwenye daftari. Nikayaunga yote. Nikaelewa kwamba Mungu anawatahini watu kwa woga, na kwamba anayeweza kuwa na jambo la kuogopa na asiliogope, huyo amefaulu, na atapewa alichokuwa akikitaka. Bi Naomi alikuwa akifanya mtihani kila Ijumaa, na kila mara Dani alirudi salama. Hesabu ilikaa sawa.

Mama alikuwa na mimba wakati huo. Mtoto alikuja mapema mno, wakati hata jina lilikuwa halijazungumzwa. Baba alimwita Yahya, kwa sababu ya uhai ulio ndani ya jina hilo. Watoto hawakuruhusiwa kuingia alikowekwa, kwa hiyo nilimwona kwenye simu ya Baba tu: kitu chekundu, kidogo kuliko mwanasesere wangu, ndani ya kisanduku cha kioo, amevikwa kofia ya sufu katika mji ambao hakuna anayevaa sufu. Kulikuwa na mirija puani na kitambaa machoni. Nilimuuliza Baba mbona wamemfunga macho. Alisema taa ni kali. Mimi nikajua sababu. Alikuwa kwenye mtihani, kama Bi Naomi na mishumaa yake.

Mama alipotoka hospitali bila mtoto, hakukaa kitandani kama wazazi wengine. Kila mchana alikwenda kumpelekea Yahya maziwa, na mimi basi la shule likanishusha Mirdif nikae na Bi Naomi. Yeye ndiye aliyemtengenezea Mama uwatu. Aliuloweka tangu usiku, akaupigapiga mpaka ukawa povu zito, akatia pilipili ya kijani, kotmiri na limau, akaumwaga juu ya mchuzi wa mifupa. Mama alishangaa. Uwatu kwa mzazi ni wetu sisi, alisema. Bi Naomi akasema ni wao pia, tangu Aden. Mama alikula amesimama, akafunga chupa zake za maziwa ndani ya taulo, akaondoka. Wote wawili hawakuwa watu wa kukumbatiana. Bi Naomi alimsindikiza mpaka kwenye lango na kusimama pale jua kali hadi teksi ikapotea.

Siku moja niliwasikia jikoni wakizungumza. Mama alikuwa akisema kwamba kila simu ikilia moyo unamtoka, na kwamba anajiona mwenye imani dhaifu. Bi Naomi akamweleza lile neno lake. Mama akasema kwao huitwa tawakali. Bi Naomi akacheka kidogo na kusema babake alikuwa akitumia hilo hilo, tawakali, alipozungumza Kiarabu dukani. Kisha sauti zikashuka nisisikie tena. Lau ningesikia yaliyofuata huenda miezi ile ingekuwa myepesi kwangu, maana mimi tayari nilikuwa nimejiandikisha.

Nilikuwa nimeamua kwamba mtihani wa Yahya nitaufanya mimi. Mama alikuwa akilia, Baba alikuwa amekonda, kwa hiyo ni wazi wao walikuwa wanaanguka. Mimi ningefaulu kwa niaba ya nyumba nzima. Kazi yenyewe ilikuwa kutokuwa na hofu. Wazo la kile kisanduku likinijia nililisukuma. Nilijibana paja mpaka lipite. Nilihesabu vigae. Watu wakiniuliza hali ya mdogo wangu nilitabasamu, nao wakubwa walinisifu, wakaniambia inshallah wiki ijayo atakuja nyumbani. Kila mmoja aliniambia wiki ijayo. Bi Naomi peke yake hakuniambia hivyo. Aliniuliza nimekula nini na kama nataka kumsaidia kusuka mkate wa Ijumaa.

Ijumaa moja nilimuuliza itakuwaje Mama akimpigia kutoka hospitali na simu imo drooni. Akaniambia kwamba kwa ajili ya wasiwasi wake juu ya Dani hataigusa, lakini kwa ajili ya uhai wa Yahya Mungu wake amemruhusu kuipokea, siku yoyote, saa yoyote. Kweli jioni ile hakuitia drooni. Aliiweka mezani karibu na mishumaa, uso wake juu. Niliona hiyo ni heshima kubwa aliyopewa mdogo wangu, nikafurahi.

Kisha ikaja siku ile darasani. Tulikuwa kwenye somo la Kiarabu, mwalimu anaandika ubaoni, na gari la wagonjwa likapita barabarani likilia. Sijui kwa nini hilo, maana yalipita mengi kila siku. Lakini hofu iliniingia kabla sijapata nafasi ya kujibana. Nilimwona Yahya, nikaona kifuniko cha kioo kikifunguliwa. Nikalia mbele ya darasa zima. Mwalimu akanipeleka nje nikanawe uso.

Mchana basi liliponishusha Mirdif, Baba alikuwa amesimama langoni na Bi Naomi. Alikuwa na fulana yake ya kazini yenye mistari inayong'aa, saa ambayo alipaswa kuwa Jebel Ali. Alinishika kichwani, mkono wake ukakaa pale muda mrefu, nami nikajua nimeanguka mtihani, na nikajua ni saa ngapi nilianguka.

Walimzika siku hiyo hiyo. Mama hakwenda, mimi sikwenda. Baba alirudi na mchanga kwenye magoti, akaoga, akaswali, akalala ameangalia ukuta. Chumba chetu kikajaa wanawake wa jumba lile na wengine kutoka mbali, wa Mombasa, wa Lamu, na Mkenya mmoja wa bara aliyekuwa mlinzi wa hoteli karibu na uwanja wa ndege, amekuja na sare yake. Walisema yanayosemwa. Mungu atakupa mwingine. Huyo ni ndege wa peponi. Usilie, utamwia vibaya. Mama aliitikia kila mmoja kwa kichwa. Mimi nilikaa nyuma ya kabati, paja langu likiwa na madoa ya kijani na buluu, nikingoja mtu agundue kilichotokea kule darasani.

Bi Naomi alikuja siku ya pili. Dani alimleta na kungoja nje na Baba. Alivua viatu mlangoni, akawapita wanawake, akajishusha mpaka kwenye mkeka ingawa magoti yake yalikuwa mabovu na kulikuwa na kiti. Akakaa karibu na Mama. Hakusema lolote. Hakutoa pole, hakumtaja Mungu. Wanawake walitazamana. Nilidhani ameona haya, kwa sababu mtihani wake ndio uliotuponza. Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kwamba kwao mgeni hukaa chini na mfiwa na hamtangulii kusema.

Alikaa hivyo hadi chai ikapoa. Wanawake wakaanza kuaga mmoja mmoja. Mama akafungua kinywa, bila kumtazama.

"Bi Naomi, maziwa hayataki kukoma."

"Najua, mwanangu," Bi Naomi akasema. "Yangu pia hayakukoma."

Ndivyo tulivyojua kwamba kabla ya Dani alikuwa na binti, Nairobi, ambaye hakufika hata kutambaa. Mama aligeuka akamtazama, kisha akaegemeza kichwa begani pake, na hapo ndipo alipolia kilio chenyewe, kile ambacho kwa siku mbili alikuwa akikizuia wageni wasikisikie. Bi Naomi hakumwambia anyamaze. Machozi yake mwenyewe yalimtiririka hadi shingoni na hakuyafuta.

Nilitoka nyuma ya kabati kwa sababu sikuweza tena. Nikawaambia kwamba ni mimi. Nilisema kwa haraka na kwa kuchanganya, kuhusu gari la wagonjwa na somo la Kiarabu, kwamba nilikuwa nimefaulu siku zote isipokuwa ile, kwamba niliogopa, na nikaomba Mungu anipe mtihani mwingine. Mama hakuelewa chochote. Bi Naomi aliniuliza mtihani gani. Nikamwambia, ule wako, wa droo.

Nilimwona akielewa. Uso wake ulibadilika taratibu, kama mtu anayesoma barua mbaya. Alinivuta, akanionyesha mikono yake, miwili, ameikunjua mbele yangu. Ilikuwa inatetemeka kama kawaida.

"Itazame. Mimi naogopa kila siku ya Mungu. Ningekuwa naanguka, ningekuwa nimeshaanguka zamani. Hakuna mtihani, mjukuu wangu. Huwezi kumuua mtu kwa kuogopa, wala huwezi kumponya kwa kutoogopa."

"Lakini wewe ulisema ukimwachia Mungu atakupa."

"Sikusema hivyo. Laiti ingekuwa hivyo, binti yangu leo angekuwa mkubwa kuliko mamako."

"Basi yafaa nini?"

Nadhani alikuwa akitafuta jibu la kweli, si la mtoto. "Yafaa kwa siku kama ya leo," akasema mwishoni. "Nisije nikadhani kwamba humu chumbani tumo sisi peke yetu."

Sitasema nilitulia hapo hapo. Nililala vibaya kwa muda mrefu, na gari la wagonjwa mpaka leo likipita huninyoosha mgongo. Lakini paja niliacha kulibana. Na Mama, aliyekuwa amesikia yote, alinishika mkono jioni ile na hakuuachia hata alipokuwa akilala.

Dani alihamishwa mwaka uliofuata, wakarudi London. Bi Naomi na Mama walipigiana simu sikukuu zao na zetu, mpaka siku moja aliyepiga akawa Dani. Mama alikwenda kusimama nje uani karibu na kamba ya nguo, akakaa huko kitambo. Aliporudi alisema Bi Naomi amekwenda zake, na kwamba Dani amemweleza jinsi alivyokuwa akiogopa hadi mwisho, na jinsi alivyomshika Dani mkono na kusoma Zaburi zake hivyo hivyo, kwa sauti inayotetemeka.

Jambo la mwisho ninalotaka kuliandika lilitokea muda mfupi baada ya hapo. Kulikuwa na dhoruba ya mchanga, mji mzima umegeuka rangi ya chai, na habari zikaenea kwenye simu za watu wa jumba letu kwamba makontena yameanguka Jebel Ali na kuna walioumia. Baba hakupokea simu. Mama alipiga, akapiga tena, akampigia mwenzake wa kazini, naye pia kimya. Mke wa jirani akaja mlangoni kusema ameona picha. Mama akamshukuru, akafunga mlango. Nilimngoja aanze kulia au aanze kuniambia kwamba hakuna kitu, Baba yuaja sasa hivi, nenda kacheze.

Hakufanya lolote kati ya hayo. Alimpigia simu msimamizi wa bohari, akaacha ujumbe, akafanya kila ambalo mtu angeweza kulifanya akiwa katika chumba kile. Yalipokwisha, aliiweka simu juu ya meza. Akachukua sinia, akamimina mchele, akaketi chini na kuanza kuuchagua, mchele wa watu watatu. Vidole vyake vilikuwa vinatetemeka hata punje zikaruka mkekani. Nikaketi naye nikazikusanya.

"Mama, Baba atarudi?"

Aliinua macho kwenye dirisha ambalo halikuonyesha kitu ila wekundu. "Mungu yupo," akasema.

Nilingoja aongeze lile ambalo watu huliongeza kila mara baada ya maneno hayo, kwamba mambo yatakuwa sawa. Hakuongeza. Akanisogezea upande wangu wa sinia.

Baba alirudi magharibi imeshaadhiniwa, nyusi zimejaa mchanga, mzima, simu yake imeisha chaji, akashangaa kwa nini tunamkumbatia kiasi kile. Nimeshukuru kwa siku hiyo maisha yangu yote. Lakini ninapoogopa sasa, na mimi ni mwoga kama Bi Naomi, si kurudi kwake ninakokukumbuka. Nakumbuka saa zile kabla hajarudi, mimi na Mama sakafuni, hatujui, na mchele kati yetu ukiwa safi polepole.